Huyu Paka wa Nani?

Kuna swali ukiliuliza Tanga hupati jibu hata ukae barazani mpaka kahawa iishe kwenye dele. Uliza "huyu paka wa nani?" Watu watakuangalia kama umeuliza yule kunguru wa nani. Wa hapahapa. Wa mtaani. Yupo tu.

Sio kwamba watu hawapendi paka. Mi nimekulia Ngamiani, najua. Mabaki ya samaki yanawekwa uani kwa ajili yao, paka akikatiza katikati ya watu wanaokula hamna anayemrushia kandambili, na kila mtoto aliyepita chuoni anajua paka si najisi, akigusa maji yako ya udhu unatawadha tu unaendelea zako, na anajua pia habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie, ikawa ndo sababu yake ya moto. Kwahiyo kulisha tunalisha sana. Ila kutoka kulisha mpaka kusema "huyu wangu" kuna safari ndefu, na mi hiyo safari nimeijua kwa kung'atwa.

Nina kibanda cha miamala ya simu karibu na Deep Sea, pale soko la samaki. Wateja wangu ni wavuvi, wachuuzi, wakaanga samaki, wapaa samaki, na paka ambao hawana laini lakini wanashinda hapo kuliko mtu yeyote. Nimeshawazoea mpaka najua kalenda yao. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukishakuwa mkubwa boti nyingi hazitoki, na ndo siku hizo unawaona paka wa Deep Sea mbavu zinahesabika na kelele zao usiku hazivumiliki. Giza likirudi wananenepa. Yani paka wa pale wanafuata mwezi kama wavuvi.

Sasa kipindi cha kaskazi, mwezi umeiva, nikaona mmoja jike mdogo mwenye rangi tatu, nyeupe nyeusi na ya kutu, anaburuta mguu wa nyuma. Nilidhani kagongwa. Nilipomsogelea nikaona ni mshipi, ule wa nailoni wa kuvulia, umejizungusha juu ya kifundo umeshaingia kwenye nyama, mguu chini yake umevimba kama kitumbua. Harufu sitaielezea, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Nikamrushia shati langu juu nikamfunga, jamaa mmoja wa boti akaleta mkasi, mi nashika yeye anakata. Kata ya kwanza sawa. Kata ya pili mnyama akachomoa kichwa kwenye shati akanitia meno hapa chini ya kidole gumba mpaka nikaona nyota mchana. Sikumwachia lakini, najisifu kidogo, kata ya tatu mshipi ukatoka na paka akajikunja kwenye shati akatulia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama mmoja mpaa samaki hata hakunyanyua kichwa kwenye magamba yake, akasema "kanawe kwa sabuni mwanangu, tena unawe haswa, halafu nenda hospitali usiwe mbishi." Nikawa mbishi kama robo saa hivi. Nikaenda.

Na hapa naomba niseme kwa makini maana watu wengi wanajua kichaa cha mbwa ni cha mbwa, jina lenyewe ndo linatudanganya. Paka pia anakipata na anakuambukiza. Aking'ata au kukuparura unaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, sio kunawa kwa heshima ile ya kabla ya kula, dakika 15 kabisa, halafu unaenda kuanza chanjo bila kusubiri uone dalili, kwasababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tena cha kukutibu, karibu kila mtu anakufa. Mi nilichomwa, nikapewa kadi yenye tarehe za kurudi, nikarudi zote.

Kilichonifikisha kwenye hadithi yenyewe ni nesi. Aliniuliza, "Huyo paka wa nani?" Nikacheka, nikamwambia dada yangu, hilo swali Tanga haliulizwi. Hakucheka. Akasema kama ana mwenyewe tunajua kama ana chanjo, kama hana, basi ukiweza muweke mahali umuone siku 10, maana paka aliyekuwa na hicho kichaa kwenye mate siku anakung'ata, ndani ya hizo siku 10 atakuwa kashaumwa au kashakufa. Chanjo unaendelea nayo, ila umuangalie.

Basi ndo nikapata paka. Sio kwa huruma wala nini, kwa ajili ya kumchunguza kama mshukiwa.

Shida, nimepanga chumba Makorora na mama mwenye nyumba ana sheria tatu: kodi kabla ya tarehe 5, hakuna mziki baada ya isha, na hakuna paka. Kuna mpangaji aliyepita paka wake alizalia kwenye kabati la vitenge vya mama, vitenge vya harusi, kwahiyo hata mi ningeweka hiyo sheria. Nikamuingiza usiku ndani ya ndoo yenye kifuniko nilichotoboa. Beseni la mchanga wa pwani chini ya kitanda, redio nimefungulia kidogo ifunike mlio.

Makosa niliyafanya. Siku ya kwanza nikampa maziwa ya ng'ombe maana kwenye vitabu vya shule paka kazi yake ni kunywa maziwa, kumbe paka wengi wakishakua matumbo yao hayawezi kabisa maziwa, usiku ule chumba changu, jamani. Siku ya pili nikataka kumpa nusu kidonge cha paracetamol kwa ajili ya mguu. Namshukuru Mungu nilimpigia kwanza daktari wa mifugo, akanipigia kelele kwenye simu kwamba hicho kidonge unachomeza wewe ukiumwa kichwa kinamuua paka, hata kipande. Akaja mwenyewe jioni, akasafisha kidonda, akachoma sindano, akaniambia ni jike, nikasema umejuaje hujaangalia, akasema paka mwenye rangi tatu karibu siku zote ni jike, dume wa rangi tatu ni wa kutafuta kwa tochi. Yule mpaa samaki naye aliniambia hivyohivyo, yeye hajasomea.

Nikamuita Mshipi.

Siku 10 zikapita, Mshipi mzima, anakula dagaa wa kuchemsha waliopondwa na ugali kidogo, kidonda kinafunga. Mguu lakini haukurudi sawa. Kifundo kimekakamaa, anatembea anachechemea, na kuruka hawezi zaidi ya urefu wa kiti. Paka asiyeruka ni shida kubwa kuliko inavyosikika. Paka wa mtaani ukuta ndo polisi wake, ndo hospitali yake, mbwa akija anapanda ukuta. Huyu hana ukuta. Kumrudisha Deep Sea ilikuwa sawa na kumtupa, na kumtupa paka tunakujua, gunia, baiskeli, soko la mbali.

Siku ya 11 mama mwenye nyumba akasikia. Hakugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, hiyo redio yako siku hizi inalia nyau." Akanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nikaweka picha status. "Paka anatafuta nyumba, jike, mpole, rangi tatu." Hapo kwenye mpole nilidanganya kidogo. Yani majibu yalikuja mengi mpaka nikajiona mjinga kwa kuwa na wasiwasi, ila ukiyasoma moja moja unachoka. Mmoja, "bei gani." Mwingine alitaka kwa ajili ya panya lakini akasema chakula hatampa, eti paka akishiba hawindi. Huo uongo tumerithishana mpaka basi. Paka anawinda kwasababu ni paka, wahenga walishamaliza, paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya, na mwenye njaa ndo kwanza hana nguvu za kuvizia, anaishia kuiba jikoni kwa jirani. Mwingine saa 6 usiku akaniandikia, "huna mweusi mtupu?" Huyo nikamblock, sikutaka kujua ni wa kazi gani.

Halafu nikafanya kosa la kwanza, na lilikuwa na geti.

Raskazone. Nyumba kubwa, bustani, upepo wa bahari, dada mmoja mstaarabu amehamia na familia, watoto wawili wanataka paka. Aliniuliza swali moja tu, ni rangi zilezile za kwenye picha? Nikasema ndio. Mi sikumuuliza hata moja. Unajua ukifika mahali kuna geti linafunguliwa na mlinzi unajiona wewe ndo unayefanyiwa usaili. Mbwa nilimuona, amelala kivulini, yule dada akasema "huyo hana shida, hawezi kumdhuru." Na kweli hakumdhuru. Alikuwa anamfuata tu, kila anapokwenda, anamnusa, anachezesha mkia. Kwa paka mwingine ingekuwa anapanda juu ya kabati anamwangalia mbwa kwa dharau, mpaka wazoeane. Mshipi akaingia nyuma ya friji. Siku tatu. Chakula hagusi.

Siku ya nne nipo kibandani bajaji ikasimama, dereva akashusha boksi la chupa za maji limefungwa kwa kamba, "bosi mzigo wako." Hakuna salamu wala barua. Nikafungua nikaona macho.

Niliudhika, nitasema ukweli, nilimsema yule dada kichwani kwa wiki nzima. Lakini kila nikimsema nafika palepale: aliyemuona mbwa kabla ya kumuacha paka pale ni nani? Ni mimi. Na alivyomrudisha badala ya kumfungulia geti, hilo tu lilikuwa ni wema, daktari aliniambia paka asiyekula siku mbili tatu mfululizo anaanza kuharibika ini, tena hasa aliyenenepa. Mshipi unene hakuwa nao, labda ndo kilichomwokoa.

Kosa la pili lilikuwa la kinyume chake. Nikasema matajiri basi, nampeleka kwa watu wangu, Ngamiani, kwenye barabara mojawapo ya zile za namba, nyumba ninayoijua tangu natembea pekupeku. Watoto sita, bibi, mashangazi, uani daima kuna moto. "Mlete tu, hapa paka wapo." Nikasikia raha hiyo kauli, nikaona ndo nyumba hii. Leo ukinambia "paka wapo" nageuka na ndoo yangu.

Kumtoa paka nyumba moja kwenda nyingine kuna utaratibu wake, na mi nilikuwa nimeshaambiwa: unamfungia ndani wiki mbili hadi tatu, chumba kimoja kwanza, mchanga wake, maji, chakula kwa saa ileile, mpaka akili yake ihame kutoka kulikokuwa kwao. Nikawaeleza. Wakaitikia wote kwa pamoja, na ukiona watu kumi wameitikia kwa pamoja ujue hamna aliyeitikia.

Siku ya pili jioni nikapita.

"Mshipi yuko wapi?"

"Si huyo hapo."

Nikaangalia. Paka wa rangi tatu kweli, amekaa karibu na kinu, mnene, miguu minne mizima, ananiangalia kama nimemkosea adabu. Nikasema shangazi, huyu siye. Akaita watoto, wakaleta wa pili, huyo hata rangi hazikufanana, dume la watu lenye sikio moja, paka shume kabisa. Mtoto mdogo akaniambia kwa nia njema kabisa "mjomba chukua huyu tu." Nilicheka pale lakini nilipotoka nje kwenye barabara na bajaji zinavyopita nilijisikia vibaya sana. Hawakuwa watu wabaya. Wangemlisha miaka. Ila ungemuuliza yeyote kati yao huyu paka wa nani, angesema wetu, na maana yake hakuna wa kutoka na tochi usiku.

Nilitoka mimi na tochi. Siku tano. Nilipita mitaroni, kwenye vichochoro nyuma ya misikiti, mpaka vijana wa maskani wakaanza kuniita Daktari Nyau. Siku ya sita asubuhi nafungua kibanda, Mshipi yuko chini ya meza ya wapaa samaki. Kavuka Ngamiani yote kwa miguu mitatu na nusu, kavuka reli, kaja mjini mpaka Deep Sea. Na jamani msianze kulia, hakurudi kwangu, alikuwa hata haangalii kibanda changu. Alirudi kwenye samaki.

Sasa. Kuna mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, ana duka la nafaka, mchele, maharage, choroko, unga, na anauza dagaa wakavu kwahiyo Deep Sea yuko kila wiki. Ni mtu wa maneno machache, pesa yake anaihesabu mara mbili na yako anaihesabu mara tatu. Siku hiyo nipo kwenye simu na rafiki yangu nalalamika habari ya paka, yeye yuko dirishani anasubiri nimtolee hela. Nilipokata simu akasema:

"Mimi paka siwapendi."

Nikasema sawa mama.

"Wananya kwenye mchele."

Nikasema wengine ndio.

"Huyo wako anakunya wapi?"

Na hapo nikaacha kuhesabu noti. Kwenye watu wote, wenye geti na wasio na geti, hilo swali hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia anatumia mchanga kwenye beseni, anafukia. Anaiba? Nikasema dagaa, kilichofunikwa hagusi. Ana mimba? Sijui. Anaumwa? Mguu. Anapanda juu? Hawezi. "Hawezi kupanda kwenye magunia ya juu?" Hawezi mama, mwisho wake kiti. Akafikiri. Kilichokuwa kilema cha Mshipi kila mahali kwake kilikuwa sifa, maana magunia ya chini ndo panya wanayatoboa, na mchele wa wateja uko juu kwenye mapipa.

Akasema nipe siku nne niulizane na nyumbani. Watu wengine wote walisema ndio palepale.

Siku ya nne akaja na maswali mapya kutoka nyumbani, kama mjumbe wa posa. Mkwe wake ana mimba, amesikia paka ni hatari kwa mjamzito. Nikampigia daktari nikaweka spika. Akaeleza kwamba kuna vijidudu vinaweza kutoka kwenye kinyesi cha paka vikamdhuru mtoto tumboni, hiyo ni kweli, ila kinyesi kibichi hakiambukizi papohapo, vinachukua siku moja na zaidi kuiva, kwahiyo beseni lisafishwe kila siku, na mkwe asilisafishe yeye, anawe mikono, na nyama ziive vizuri maana huko nako vinapatikana. Mama akasema beseni atasafisha mwanaume, mwenye hiyo mimba. Sijui mwanaume aliulizwa.

Halafu akasema, "Na wewe uliza yako." Mimi! Nilikuwa na moja tu ila nilikuwa naiogopa. Nikamuuliza, mama, panya unawafanya nini sasa hivi?

Sumu. Wale vijana wanaopita na spika, dawa ya panya, mende, kunguni. Kila mwezi anaweka nyuma ya magunia.

Nikamwambia basi Mshipi haji. Akanikazia macho. Nikaeleza nilivyoelezwa, sumu nyingi za panya haziui hapohapo, panya anakula leo, anatembea siku kadhaa amelewa, damu inakuwa haigandi, na panya aliyelewa ndo wa kwanza kukamatwa na paka, hasa paka mwenye mguu mmoja mbovu. Anakula panya na sumu yake. Ukichagua paka, sumu inatoka, yote, na unafagia kila kona, unasubiri, ndo paka anaingia. Huwezi kuwa na vyote viwili.

Akachukua pesa yake akaondoka. Nikajua nimeharibu.

Wiki mbili kimya. Mwezi ukaisha, nikamuomba mama mwenye nyumba wiki moja zaidi, akanipa kwa kununa. Halafu siku moja simu, sauti yake haina hata salamu ndefu: "Nimefagia. Mlete. Ila sitaki ukoo, mkamfunge kizazi kwanza." Ningekuwa sijakaa ningekaa. Paka jike anaweza kushika mimba hata miezi minne mitano tu tangu azaliwe, mimba yenyewe ni kama miezi miwili, ukimwacha mwaka mmoja unapata kijiji, na huyu mama ambaye paka hawapendi alishapiga hesabu hiyo. Tukagawana gharama, nusu yake nusu yangu, akadai risiti. Daktari akamfunga kizazi, akamchoma na chanjo ya kichaa cha mbwa, akamuandikia kadi, akasema irudiwe kila mwaka, na ukielekea tarehe 28 Septemba usikilizie matangazo ya halmashauri maana siku hizo kunakuwa na kampeni za kuchanja mbwa na paka.

Kwenye kadi kuna mstari wa mwenye mnyama. Daktari akaniuliza niandike nani? Nikasema andika mimi kwa sasa.

Nikampeleka kwa ndoo ileile. Stoo ya nyuma ya duka, mlango wa chini wa mbao, dirisha lina wavu, ua umezungushiwa matofali, mbwa hakuna, barabara iko upande wa mbele. Mama alikuwa ameshaweka beseni la mchanga na gunia tupu limekunjwa mara nne kwenye kona. Sikumwambia akunje gunia. Mshipi akatoka kwenye ndoo, akachechemea mpaka nyuma ya magunia ya choroko, akapotea. Nikasema kaanza. Mama akasema "mwache, mgeni siku ya kwanza haongei," akafunga mlango, akanirudisha dukani na kunipa bei ya mchele kama mteja.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilipiga simu kila siku mpaka akaniambia nitakufungia. Siku ya kwanza kala usiku watu wamelala. Siku ya tatu kala mchana. Siku ya tano panya mmoja, amemuweka mlangoni, mama akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Wiki tatu akawa anafungiwa, hakumtoa hata siku moja kabla, na nilivyopita akanionesha alikuwa anaweka alama ukutani kwa chaki.

Duka nalo lina mizani. Kila Ijumaa kabla ya kufunga anamuweka Mshipi kwenye mizani ya kupimia maharage, sijui nani alimwambia afanye hivyo, nadhani hawezi tu kukaa na kitu dukani bila kukijua uzito. Alikuja kilo mbili na nusu. Mara ya mwisho nimekuta kilo tatu na robo. Jina hamuiti, anasema "huyu". Wateja wakimkuta kalala juu ya gunia wanauliza, huyu paka kaja lini, na siku moja nilisikia kijana wa mkokoteni anataka kumfukuza kwa mguu, mama bila kuinua macho kwenye hesabu zake akasema paka wa nyumba haingwa, kijana akarudisha mguu.

Juzi nikaenda kununua mchele. Akaniambia una deni. Deni gani tena mama? Akatoa daftari la madeni, lile lenye jalada la bluu, akafungua ukurasa. Juu kaandika "Paka wa kijana wa miamala," halafu chini mistari: dagaa 500, dagaa 500, dawa ya minyoo, dagaa 500, mpaka chini. Nikaona aibu, nikaingiza mkono mfukoni. Akanipiga kibao cha mkono akasema soma vizuri.

Kumbe yale maneno ya juu yamekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka kwa rula. Pembeni kaandika tarehe, na "Duka". Deni langu lilikuwa la kabla ya hiyo tarehe tu, elfu mbili na mia tano. Nikalipa. Akahesabu mara mbili.